Mlango Uliofupishwa na Mto

Katika mtaa wa zamani wa Kilosa mjini, mtu aliyetoka kumtembelea Fundi Timotheo hutambulika kwa paji la uso. Uvimbe ukiwa bado mwekundu, amekwenda leo. Ukiwa umeanza kubadilika rangi, alikwenda Jumapili baada ya misa. Paroko mwenyewe, siku alipokwenda kuibariki nyumba, alianza na neno moja ambalo halimo katika kitabu cha sala, kisha akaendelea kama ilivyoandikwa. Mama Naomi, mke wa fundi, anashikilia kwamba neno lile nalo lilikuwa na baraka zake, kwa kuwa tangu hapo hakuna mwizi aliyewahi kuingia. Hazingatii kwamba wezi nao wana vichwa.

Mlango huo haukuzaliwa mfupi. Nyumba ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi zama za mkonge na pamba, na kwa kuwa alitarajia kuuza vitu kwa muda mrefu, alijenga kitu cha kudumu muda mrefu: kuta za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu akiegemeza kiwiko upande wa ndani wa dirisha, vidole vyake havifiki nje. Juu ya mlango, pale ambapo mafundi wengine wangeweka gogo, aliweka kipande cha reli. Namna alivyokipata haisimuliwi. Reli zilikuwa za serikali, na serikali yenyewe wakati huo ilikuwa ya watu wengine.

Baada ya duka, nyumba ikawa ghala la pamba, kisha ofisi ya chama cha ushirika, kisha baa, kisha mahali pa kukutania kikundi cha sala ambacho kilipangishwa na mwenye baa bila kuondolewa viti. Kila aliyeingia alitoboa dirisha alipolitaka na kuziba lililomkera. Kaunta ya duka iligeuka kuwa meza ya karani, ikawa kaunta ya bia, ikawa mimbari. Leo ni kabati la vyombo la Mama Naomi, na siku za joto kali bado hutoa harufu ya mojawapo ya kazi zake za zamani, ingawa wenye nyumba hawajakubaliana ni ipi.

Fundi Timotheo aliinunua ikiwa haina mtu anayeitaka. Yeye ni mzaliwa wa Vidunda, milimani, ambako maji ya mvua hupita mlangoni kwa kasi na hayana nia ya kuingia. Kilosa ni tofauti. Kilosa mto Mkondoa ukifurika huingia ndani bila hodi, hukaa sebuleni, na ukiondoka huacha tope mpaka magotini. Mwaka wake wa kwanza mtaani, kijana Timotheo aliwatazama majirani wakizoa tope kwa makoleo, siku baada ya siku, wakilirudisha nje ili mto upate cha kuleta tena. Yeye hakuzoa.

"Huu mto umeniletea kifusi mpaka chumbani," alimwambia mkewe. "Hakuna gari, hakuna dereva wa kumbembeleza. Kwa nini niurudishie?"

Akalisawazisha tope, akaliacha likauke, akalichanganya na vipande vya matofali na chokaa, akalishindilia, akamwaga sakafu mpya juu yake. Mafuriko yaliyofuata yalileta kifusi kingine, naye akakipokea kwa namna ileile. Majirani walicheka. Ukafika mwaka ambao maji yaliingia kwa majirani na kwake yakaishia barazani, na kicheko kikaisha. Wakaanza kuja mmoja mmoja kumwomba awainulie sakafu zao, kila mmoja akieleza kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani. Sakafu nyingi za mtaa ule ni kazi ya mikono yake. Mabati ya juu yamebadilishwa, milango imeliwa na mchwa, wapangaji wamekuja na kuondoka. Zile kuta zimesimama kwa sababu miguu ya kuta hizo hailowi.

Tatizo ni kwamba sakafu ikipanda, reli iliyo juu ya mlango haipandi. Nilipofika kwake kutoka chuo cha ufundi, kufanya kazi chini yake, nilimkuta na timazi, pimamaji, mwiko na kofia. Futi kamba alikuwa nayo pia, lakini ilikuwa kwa ajili ya madirisha. Mlango huupima kwa kusimama chini yake: akipita na kofia yake kichwani, mlango unatosha. Mwenyezi Mungu alimjalia mambo mengi isipokuwa urefu, na upungufu huo hajawahi kuugundua, kwa sababu katika maisha yake yote hajagonga kichwa popote. Watu wanapogonga, yeye husikitika kwa dhati, kama mtu anayesikitikia ugonjwa asioujua. Kizingiti cha chini cha dirisha la sebuleni kwake sasa kiko usawa wa goti, na wageni hukikalia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Naomi alipotuma picha.

Naomi, binti yao wa pekee, anafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Huko alikutana na Sendeka, fundi wa pikipiki, ambaye kwao ni wafugaji wa Kiparakuyo; mjini kila mtu huwaita Wamasai, nao wamechoka kusahihisha. Picha iliwaonyesha wawili hao wamesimama mbele ya karakana. Naomi amefuata umbo la mama yake na si mfupi, lakini pale alikuwa anaishia kwapani kwa mwenzake. Fundi Timotheo aliikuza picha kwenye simu. Hakuangalia uso. Alisogeza kidole juu taratibu mpaka kilipofika kwenye nywele za Sendeka, kisha akakitoa.

"Ni mrefu," alisema.

"Ni mzuri," alisema Mama Naomi.

"Sijauliza uzuri."

Akampigia Naomi kumuuliza kama na ndugu wengine wa kijana yule walikuwa hivyo. Naomi alijibu kwamba Sendeka ndiye mfupi wao.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi. Baba yake Sendeka, mzee Seuri, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alikubali mwanawe aoe binti wa wakulima, jina ambalo wafugaji humpa kila asiye na ng'ombe, kwa sharti moja. Angekwenda mwenyewe kuposa, ndani ya nyumba ya baba wa binti, aone mkwewe ametoka wapi. Asipopapenda angeondoka na mwanawe na habari ingeishia hapo. Katika wilaya yetu, wakulima na wafugaji hukutana zaidi kwenye ofisi ya kata, ng'ombe mtuhumiwa akiwa katikati na masuke ya mahindi mdomoni. Katika kikao kimoja cha aina hiyo, mzee Seuri aliwahi kusema maneno ambayo Kilosa nzima inayakumbuka: kwamba shingo yake haijawahi kumwinamia mkulima na haitaanza uzeeni.

Sasa shingo hiyo ilikuwa inakuja, na kati yake na Naomi palikuwa na ile reli. Mzee akiinama, angekuwa amemwinamia mkulima mlangoni pake. Asipoinama, ingekuwa kama kwa Paroko, na sikuwa na hakika kwamba mzee Seuri angeendelea na sala.

Elia, mdogo wake fundi, alikuja kutoka Mikumi kutoa ushauri ambao hakuombwa. Elia naye ni mjenzi, wa majengo ya wageni yenye vioo vya bluu na dari za jasi. Majengo yake yote yamesimama, isipokuwa ukuta mmoja wa nyuma ambao ulihitaji kupumzika. Alikaa kwenye kizingiti cha dirisha, akiwa ameshagonga kichwa, akasema, "Kaka, walete Mikumi. Nina ukumbi pale. Mlango wake twiga anapita, tena akiwa na haraka."

"Binti huposwa kwa baba yake," alijibu Fundi Timotheo. "Nikimpeleka ukumbini, watasema hana kwao."

"Basi bomoa hili gofu, nikujengee la kisasa."

"Hili gofu lilikuwepo kabla hujazaliwa, na wajukuu zako litawaona wakizeeka. Mimi sibomoi. Mimi ni wa kuongeza."

"Unaongeza nini? Ukiongeza sakafu moja tena, mtaingilia dirishani."

"Dirisha ni zuri tu," alisema fundi, na nilijua kwamba alikwisha kulifikiria.

Alijaribu kwanza kwenda juu. Tulibandua lipu juu ya mlango, tukaifikia reli, na juu ya reli tukakuta mawe yaliyopangwa na kufungwa kwa chokaa, yakibeba ukuta wote wa mbele mpaka kwenye paa. Kuinyanyua reli kungetaka kuushikilia uso mzima wa nyumba kwa mirunda, na hata hivyo hakuna ambaye angethubutu kulala ndani. Fundi alipiga tindo kwenye kiungo kimoja ili kujaribu. Tindo liliruka na kumrudia. Akapiga tena, likamrudia tena. Aligeuka akanitazama kwa furaha ambayo haikuendana kabisa na hali yake.

"Yule Mhindi," alisema, "hakuwa na mchezo."

Kwa kuwa juu palikataa, tukaenda chini. Wazo lilikuwa kuchimba pale mlangoni peke yake, mgeni ashuke kidogo anapoingia na kupanda tena akishafika ndani. Tulichimba kwa tahadhari, na nyumba ikaanza kutoa yaliyomo. Chini ya sakafu ya sasa palikuwa na tope lililokaukia pamoja na kijiko cha plastiki cha Naomi alipokuwa mtoto. Chini ya hapo, sakafu nyingine, nyekundu, ile ambayo Mama Naomi aliisugua kwa nta miaka yote hadi ilipozikwa. Kisha tope tena, kisha vizibo vya soda na bia vilivyoshindiliwa pamoja bila ubaguzi wa dini. Kisha nyuzi za pamba zilizogeuka kahawia. Kisha jiwe bapa, laini katikati kwa kukanyagwa na wateja, ambalo lilikuwa kizingiti cha kwanza. Fundi alilisafisha kwa kiganja, akasimama juu yake ndani ya lile shimo. Alionekana kutoka kifuani kwenda juu tu, na kwa mara ya kwanza mlango ule ulikuwa mrefu juu yake.

"Kumbe mlikuwa na mlango mkubwa," nilisema.

"Mkubwa sana," alisema. Hakuonekana kuupenda.

Jioni ile mvua ilinyesha kwenye vilima vya upande wa Lumuma, na asubuhi maji ya mtaro yalikuwa yamepanda barazani. Kwa miaka mingi yalikuwa yanaishia pale. Safari hii yaliona shimo. Yalijongea taratibu, yakatumbukia, na tukaanza kuyachota kwa ndoo, mimi na fundi, huku Mama Naomi akiwa amesimama juu yetu na ufagio.

"Chagua, Timotheo," alisema. "Mkwe au mto?"

"Mkwe anakuja mara moja tu," alisema fundi, akiwa bado anachota. "Mto unakuja kila mwaka."

"Naomi naye anaolewa mara moja tu. Akikosa mume kwa ajili ya mlango, utamweleza wewe. Mimi sitakuwepo."

Maji yalipokauka, fundi alilijaza shimo, tabaka kwa tabaka, kila moja akilirudisha mahali pake, hata vizibo. Fundi Timotheo huimba anaposhindilia. Majirani huweza kusema kazi imefikia wapi kwa kusikiliza wimbo. Siku hiyo alishindilia kimya hadi mwisho, na jirani mmoja akaja kuuliza kama kuna msiba.

Lililobaki alilifanya Mama Naomi. Alikata kipande cha godoro la sponji, akakivisha kitenge, akakishona kwa mkono na kutuagiza tukifunge kwenye reli kwa waya. Ili kisionekane kwamba ni godoro, alikizungushia maua ya plastiki. Mlango ulikuwa mfupi zaidi kuliko ulivyopata kuwa, na ulifanana na jeneza la mtu mwenye ndugu wengi. Hakuna aliyelisema hilo.

Siku ya posa, Elia alitangulia kufika, akiwa amevaa suti. Alianza kutukumbusha habari za ukumbi wake kabla hajaingia, na kwa kuwa alikuwa anatuangalia sisi, aligonga kichwa pembeni kabisa, pale sponji ilipoishia. Alikaa akiwa ameshika paji la uso kwa leso. Fundi Timotheo alikuwa amesimama katikati ya sebule katika shati jeupe, mikono ikiwa nyuma, na nilimwona akivunja vidole kimoja kimoja.

Kisha wakafika. Mzee Seuri alikuwa mrefu kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa nimetarajia mengi. Nyuma yake walikuwepo Sendeka na wajomba wawili, wote wa kimo hichohicho. Kutoka ndani tuliona shuka zao tu na fimbo, kama watu wasio na vichwa. Nilitoka nikawapa shikamoo. Mzee aliitikia marahaba, akautazama mlango. Akayatazama maua. Akaugusa ukuta kwa kiganja, akauacha mkono pale kwa muda.

Akampa Sendeka fimbo yake. Akatanguliza bega moja, akalegeza magoti, akajipinda ubavu na kupita, na hakuna ua hata moja lililotikisika. Wajomba wakafuata hivyohivyo, kila mmoja bega kwanza, bila kukatiza mazungumzo yao. Sendeka alipita wa mwisho akiwa amebeba fimbo zote nne.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo sote tulipaswa kulifikiria tangu mwanzo, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuingia katika nyumba zao. Boma lao lina milango mifupi kuliko ule, tena yenye kona. Wamekuwa wakiingia hivyo tangu walipojifunza kutembea. Wanaogonga vichwa Kilosa ni sisi wenye milango mirefu.

Mzee Seuri alikaa, akaikanyaga sakafu kwa kisigino mara kadhaa, akaitazama dari, akakadiria unene wa ukuta pale dirishani.

"Nyumba hii imejengwa," alisema. "Nilidhani nyumba za mjini ni maboksi. Nani ameijenga?"

Fundi Timotheo aliinua kidevu na kuvuta pumzi. Lilikuwa swali ambalo mtaa mzima ungeweza kulijibu. Lakini mzee Seuri hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amemgeukia Mama Naomi.

"Mama, nakupongeza," alisema. "Kwetu pia nyumba ni kazi ya mama. Nilisikia wanaume wa huku wanawanyang'anya wake zao kazi hiyo. Kumbe si wote."

Elia alitoa sauti ndani ya leso yake, akaigeuza kuwa kikohozi. Mama Naomi alimtazama mumewe, na mumewe alimtazama yeye, na kati yao zilipita sakafu zote zile, na nta yote, na Naomi, ambaye alikuwa nyuma ya pazia.

Fundi Timotheo akaishusha pumzi yake.

"Ana mkono mzuri," alisema. "Mimi namsaidia kuchota maji."

"Anajitahidi," alisema Mama Naomi.

Mzee Seuri alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliuliza kwa nini waliamua mlango uwe wa heshima namna ile, wakati wakulima wengi hawana akili hiyo. Mama Naomi alimweleza habari za mto, jinsi walivyokuwa wakipandisha sakafu kila maji yalipoleta tope, kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kutoka kinywani mwa mumewe, na aliyatamka vizuri kuliko yeye. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Mlango mfupi ni mzuri," alisema. "Mwenye nia mbaya anaingia kichwa mbele, na mama yuko ndani na gogo la kuni." Kisha akamgeukia fundi. "Mzee mwenzangu, binti tunamtaka. Ila nina ombi. Nyumba yao huko Mikumi aijenge mama yake. Nimeona vijana wanajenga huko na vioo vya bluu. Sitaki mwanangu alale ndani ya chupa."

Elia alitoka nje kupunga hewa, akasahau, akagonga tena.

Kiwanja kiko nyuma ya karakana ya Sendeka. Mama Naomi hukaa kwenye kiti cha plastiki, chini ya bati lililoegemezwa kwenye ukuta, na hutoa maelekezo. Wiki za mwanzo aliyatoa kwa aibu, mzee Seuri akiwepo tu. Siku hizi huyatoa hata asipokuwepo. Fundi Timotheo hukoroga chokaa, hubeba matofali, na akiulizwa na wapita njia kama yeye ndiye fundi, huonyesha kiti kwa kidevu. Msingi ameuchimba wa kina zaidi kuliko wa nyumba yoyote ya jirani, na ingawa hakuna mto ulio karibu, ameacha nafasi ya sakafu kupanda. Anapodhani hakuna anayesikia, anashindilia huku akiimba.

Juzi tulifika kwenye linta. Fundi aliutazama mlango, akamtazama Sendeka aliyekuwa upande wa pili wa barabara amepiga magoti kando ya pikipiki na bado akiwa mrefu, akaongeza mstari mmoja wa matofali kila upande.

"Nani amekwambia upandishe?" aliuliza Mama Naomi kutoka kivulini.

"Wajukuu watakuwa warefu," alisema fundi.

"Watajifunza kuingia. Shusha."

Fundi Timotheo alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshika timazi na sikuwa na maoni. Akavaa kofia yake, akasimama mlangoni, akapita bila kugusa kitu, akageuka na kupima kwa kiganja nafasi iliyobaki juu yake. Kisha akaanza kuyatoa matofali, moja baada ya jingine, kabla chokaa haijashika.